Diski Isiyoonekana na Kompyuta: Jinsi ya Kuichunguza na Kuokoa Yaliyomo

Katika shule yetu hapa Nyabiyonza, na naamini katika ofisi nyingi za Karagwe na Kyerwa, kimeingia kijisanduku kidogo kisichozidi ukubwa wa daftari la mfukoni. Watu wengine hukiita hadi diski, na wengine diski ya nje. Ndani yake huwekwa mitihani ya miaka iliyopita, alama za wanafunzi, picha za mahafali, hesabu za kahawa za vyama vya ushirika, na mengine mengi ambayo zamani yalijaza makabati mawili. Siku kijisanduku hicho kikigoma, yaani kikichomekwa kwenye kompyuta na kompyuta isikione, watu hushikwa na hofu, na katika hofu hiyo huua kile ambacho bado kilikuwa hai. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa nieleze kinachotendeka humo ndani, lipi lifanywe kwanza, na lipi lisifanywe kabisa.

Tuanze na chombo chenyewe, maana asiyejua umbo la kitu hawezi kukitibu. Ndani ya diski kuna sahani moja au zaidi, za alumini au za kioo, zilizopakwa utando mwembamba wa sumaku. Sahani hizo huzungushwa na mota ndogo, na katika diski nyingi za kubeba mkononi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Juu yake kuna mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea na kuandikia. Kichwa hicho hakigusi sahani, bali huelea juu yake kwa nafasi ya nanomita chache tu. Unywele wa mtu una unene wa nanomita zipatazo 80,000. Basi chembe moja ya vumbi jekundu la njia zetu, kwa kichwa hicho, ni jabali. Kwa hiyo mtu anayefungua diski kwa bisibisi juu ya meza ya jikoni ili "aone kilichoharibika" anaiharibu yeye mwenyewe wakati ule ule.

Chombo hiki si cha jana. Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956, pamoja na mashine iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na yote kwa jumla ilikuwa na uzito wa karibu tani moja. Iliweza kutunza herufi milioni 5. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo yaweza kuijaza.

Sasa diski imechomekwa na haionekani. Jambo la kwanza ni kusikiliza, wala si kubonyeza. Iweke mezani, usiishike mkononi, na uitegee sikio. Ikiwa kimya kabisa na taa yake haiwaki, aghalabu taabu ni ya umeme au ya waya. Ikivuma taratibu kama inavyovuma siku zote, moyo wake ni mzima na taabu iko katika maandishi yake au katika kompyuta. Lakini ikigonga, tik, tik, tik, kisha ikanyamaza na kuanza tena, kichwa cha kusomea kimeumia au kinahangaika bila kupata njia. Hapo ichomoe mara moja, wala usijaribu mara ya pili ili mwenzako naye asikie. Kila mgongano waweza kukwangua utando wa sumaku, na kilichokwanguliwa hakirudi, hata mwenye diski awe tajiri namna gani.

Nirudi kwa ile iliyo kimya, maana ndiyo inayotokea mara nyingi, nayo dawa yake ni rahisi. Tundu la USB la aina ya zamani, lile la USB 2.0, limepimwa kutoa umeme wa miliampia 500 tu. Lile la USB 3.0, ambalo mara nyingi hupakwa rangi ya buluu ndani, hutoa 900. Mota ya diski inapoanza kuzunguka huhitaji umeme mwingi kuliko inapokuwa imekwisha kukolea, kama vile baiskeli iliyobeba mkungu wa ndizi inavyohitaji nguvu nyingi mwanzo wa kupanda kilima. Ikiwa waya ni mrefu au mwembamba, au diski imechomekwa kwenye kigawanyio pamoja na kipanya na flashi mbili, umeme haufiki wa kutosha. Basi badili waya kwanza. Halafu badili tundu, na katika kompyuta kubwa tumia matundu ya nyuma. Kisha jaribu kompyuta nyingine. Zile diski kubwa za kukaa mezani zina adapta yake ya volti 12, na adapta hufa kabla ya diski yenyewe, hasa baada ya radi. Nimekwisha kuona diski iliyotangazwa kuwa imekufa ikafufuka kwa waya ulioazimwa kwa dakika tano.

Ikiwa inavuma vizuri lakini haimo katika orodha, hatua inayofuata ni kuiuliza kompyuta inaona nini. Katika Windows, shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, kisha andika diskmgmt.msc. Utafunguliwa ukurasa unaoonyesha diski zote, hata zile ambazo hazikupewa herufi. Hapa ndipo penye mambo.

Pengine utaikuta diski nzima kabisa, ila haina herufi ya kuitwa, au herufi yake imechukuliwa na flashi nyingine. Ipe herufi mpya, na kazi imekwisha. Pengine diski ilitayarishwa kwa kompyuta ya Apple au ya Linux. Windows haiwezi kuisoma, nayo badala ya kukiri hivyo kwa adabu hukuambia kwamba diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Pengine utaona neno RAW, maana yake kompyuta inaiona diski lakini haielewi daftari lake. Na pengine utaambiwa kwamba diski haijaanzishwa, na kompyuta itaomba ruhusa ya kuianzisha. Katika hayo yote, ukiulizwa kama ifomatiwe au ianzishwe, jibu ni hapana. Mimi naona swali hilo limeua kumbukumbu nyingi kuliko radi, kwa sababu huulizwa kwa sauti ya mtu anayetaka kukusaidia. Ikiwa hata katika ukurasa huo diski haionekani, nawe umekwisha kubadili waya, tundu na kompyuta, ujue taabu ni ya chombo chenyewe, na hiyo ni kazi ya fundi.

Nimetaja daftari, na yafaa nilieleze, maana hapa ndipo palipo na siri yote ya kuokoa mafaili. Sisi tunaolala bweni tunalijua daftari la patroni: kila jina na namba ya kitanda chake. Ukitaka kumwona fulani, husogei kitanda kwa kitanda ukifunua mablanketi. Unatazama daftari, unakwenda moja kwa moja. Diski nayo ina daftari la namna hiyo, na kila aina ya daftari ina jina lake: FAT32, exFAT, NTFS. Unapofuta faili, kompyuta haiendi kuliondoa kitandani. Hulifuta jina katika daftari tu, na kuandika kwamba kitanda kile ni wazi. Faili lenyewe bado limelala pale pale, mpaka siku atakapoletwa mgeni apewe kitanda hicho. Kufomati kwa haraka ni kulitupa daftari na kuanza jipya lisilo na jina hata moja, wala wanafunzi hawajaondoka. Lakini kufomati kwa ukamilifu, ambako Windows tangu aina ya Vista ya mwaka 2007 huandika sifuri mahali pote, ni kubomoa bweni.

Kwa hiyo mtu aliyepoteza mafaili asiandike kitu kingine chochote katika diski hiyo. Asinakili nyimbo, wala asiiwekee hiyo programu ya kuokolea, maana programu nayo ni mgeni anayetafuta kitanda. Niongeze hapa kwamba zile diski mpya zisizo na sahani, ziitwazo SSD, hazifuati mfano huu vizuri. Nyingi katika hizo husafisha vitanda vyenyewe mara jina linapofutwa, na faili lililofutwa humo aghalabu halipatikani tena.

Muhula uliopita jambo hili lilitufika hapa shuleni. Diski ya ofisi ya taaluma ilikuwa ikinakiliwa mafaili wakati umeme ulipokatika, na uliporudi kompyuta ilisema ile habari ya kufomati. Ndani yake mlikuwa na mitihani ya miaka mingi, picha za shule, na alama zetu za maendeleo za Kidato cha Nne, ambazo hupelekwa Baraza la Mitihani na kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Walimu wengine walikuwa nazo katika karatasi, na wengine walizitegemea diski. Mtaona kwamba sisi tulikuwa na sababu ya kukosa usingizi. Mwalimu wetu wa kompyuta alijibu hapana, akaichomoa, akaiandikia kikaratasi cha "Isiguswe", akaifungia kabatini mpaka alipopata diski nyingine tupu ya kuazima. Wengine walimwona mvivu. Nami nadhani siku zile tatu za kungoja ndizo zilizoiokoa.

Alipopata diski tupu hakuanza kutafuta mafaili. Alianza kunakili diski nzima, kitanda kwa kitanda, vilivyo wazi na visivyo wazi, ili matibabu yafanywe juu ya nakala, na diski ya asili ibaki kama ilivyo. Kazi hiyo aliifanya kwa programu iitwayo GNU ddrescue, ambayo haiuzwi, bali hutolewa bure kwa kila mtu, nayo huendeshwa katika Linux. Kompyuta haikuhitaji kubadilishwa, kwa kuwa Linux yaweza kuamshwa kutoka kwenye flashi. Wazazi wenye mashamba ya kahawa wataifahamu tabia ya programu hii mara moja. Mchumaji mwenye akili hupita kwanza akachuma buni zilizoiva, zile zilizo karibu na mkono; matawi magumu huyaacha, akayarudia baadaye. Nayo ddrescue husoma kwanza sehemu zote zinazosomeka kwa urahisi, na zile zenye kasoro huziruka na kuzirudia mwisho. Hivyo hata diski ikifia njiani, sehemu kubwa imekwisha kuokolewa. Programu nyingine zenye ukaidi hung'ang'ania pahali pabovu mpaka chombo kichoke.

Tena programu hii huandika katika faili dogo sehemu ilizokwisha kuzipita. Kwa shule kama yetu jambo hilo ni kubwa. Diski ile ilikuwa ya gigabaiti 500, na tundu la USB 2.0 kwa kawaida hupitisha megabaiti kama 30 kwa sekunde. Piga hesabu: 500,000 ukigawanya kwa 30 unapata sekunde 16,667, ambazo ni saa nne na dakika 38, bila kuhesabu sehemu zenye kasoro. Jenereta yetu huwashwa saa za kujisomea usiku tu. Kazi ilikatizwa mara mbili, na kila mara ikaendelea kutoka pale ilipokomea. Msomaji mwenye diski iliyoandikwa terabaiti moja aongeze hesabu hiyo mara mbili. Na asione ameibiwa Windows inapomwonyesha 931 badala ya 1,000, kwa kuwa kiwanda huhesabu kwa maelfu, na Windows huhesabu kwa 1,024.

Nakala ilipokamilika, mwalimu aliitazama kwa programu nyingine ya bure, TestDisk, ambayo hulisoma daftari lililochanika na kujaribu kuyaunga majina. Sehemu ya daftari ilikuwa bado inasomeka, na humo folda ya alama ilipatikana nzima, pamoja na majina. Niseme kweli, makofi yalipigwa. Sehemu yenye picha ilikuwa imeharibika kabisa, na hapo akatumia ndugu yake TestDisk, aitwaye PhotoRec. Huyu hana haja na daftari. Yeye hupita kitanda kwa kitanda akitazama nyuso, maana kila aina ya faili huanza kwa alama yake: picha za JPEG huanza kwa baiti FF D8 FF, na maandishi ya PDF huanza kwa alama ya asilimia na herufi PDF. Akiona alama hiyo, huanza kuliinua faili hapo. Ila hajui jina la mtu, kwa kuwa majina yalikuwa katika daftari. Pia faili lililolazwa vipande vipande, vitanda mbalimbali, mara nyingi hulileta nusu.

Kuna amri ya Windows iitwayo chkdsk ambayo wengi huikimbilia. Kazi yake ni kulinyoosha daftari, si kuwaokoa waliomo, na pengine hulinyoosha kwa kuwafukuza wale asiowaelewa. Itumike baada ya kunakili, wala si kabla.

Kuhusu virusi vya njia ya mkato, vinavyopenda flashi kuliko diski: mtu hufungua flashi akakuta folda zake zimegeuka mishale. Kwa kawaida mafaili yapo, ila yamefichwa. Kama flashi ni E, fungua dirisha la amri, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* nayo yatajitokeza. Kisha futa ile mishale, na usafishe kompyuta iliyoambukiza, au sivyo kesho mtarudia.

Watu husema diski ikiwekwa katika friji hupona. Mimi simshauri mtu. Kitu kilichotoka kwenye baridi kikifika hewani hutoa jasho, na jasho hilo juu ya sahani ni maji. Wengine huigonga kidogo na kiganja. Wengine huitoa katika ganda lake ili waichomeke moja kwa moja katika kompyuta. Hili laweza kusaidia katika diski nyingine, lakini katika baadhi ya zile za Western Digital ziitwazo My Passport yaliyomo yamefungwa kwa fumbo ambalo ufunguo wake uko katika kibao kile kile cha ganda. Ukivitenganisha utasoma maneno yasiyo na maana.

Kwa diski inayogonga hakuna programu ya kuiponya. Hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, ambako kichwa hubadilishwa kwa kingine kutoka diski ya aina ile ile. Gharama ni kubwa, lakini mafundi wa namna hiyo wamefanya maajabu. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha angani cha Marekani, Columbia, kilivunjika angani juu ya Texas kikirudi duniani, na watu saba waliokuwamo walikufa. Kati ya mabaki iliokotwa diski iliyoungua, yenye matokeo ya jaribio juu ya gesi ya zenoni. Kampuni ya Kroll Ontrack ilizisafisha sahani zake, ikazitia katika diski nyingine nzima, na karibu asilimia 99 ya yaliyomo yakapatikana. Matokeo ya jaribio hilo yalichapishwa mwaka 2008. Sehemu ya sahani iliyoharibika ilikuwa haijaandikwa kitu. Bahati nayo ilikuwako.

Anayempelekea fundi diski ya shule au ya zahanati akumbuke kwamba anampelekea pia habari za watu wengine. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na alama za mtoto au ugonjwa wa mtu si vitu vya kuachwa dukani usiku kucha bila hati. Muulize fundi kabla: atafanya kazi juu ya nakala au juu ya diski yenyewe? Akikujibu kwamba ataifomati kwanza halafu atatafuta, ichukue urudi nayo nyumbani.

Nakala ya pili na ya diski ya kwanza zisikae kabati moja. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliharibu majengo mengi katika mkoa wetu wa Kagera, yakiwamo ya shule za Ihungo na Nyakato, na ukuta ukianguka hauchagui kati ya diski na nakala yake. Shuleni kwetu sasa moja iko ofisi ya taaluma, ya pili iko nyumba ya mwalimu, na kila Ijumaa hubadilishana. Mafaili ya alama, ambayo ni madogo, hutumwa pia kwa barua pepe.

Zimebaki picha. PhotoRec ilizirudisha mamia, zote bila majina, zimepewa namba tu. Ndani ya picha nyingi kamera huandika tarehe, na kwa hiyo tumeweza kuzitenga kwa miaka, isipokuwa zile za kamera moja ambayo saa yake haikuwahi kurekebishwa. Wengi katika picha hizo hatuwajui, kwa kuwa walimaliza kabla yetu. Aliyekuwa mpishi wetu, ambaye sasa ni marehemu, yumo katika tatu, na watoto wake wamekwisha kupewa nakala, maana nyumbani hawakuwa nayo hata moja. Nyingine zimewekwa katika kompyuta ya maktaba. Mzazi au mwanafunzi wa zamani awezaye kutambua nyuso afike Jumamosi yoyote baada ya saa nane mchana, amwone mwalimu wa zamu. Wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu watakuwapo kuandika majina atakayoyataja.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne